Novena na Fomu ya Chuo: Somo Kuhusu Fadhila ya Busara



Kuanzia mwezi wa tano, kidato cha sita wanapomaliza mtihani, mpaka mwezi wa tisa hivi, maswali ninayoletewa na vijana hubadilika kabisa. Kabla ya hapo naulizwa kuhusu toharani, mapepo, na kama ni dhambi kuwa na mchumba ukiwa bado shule. Baada ya hapo linabaki swali moja: "Frateri, nisome nini?" Wale wanaosali sana huliuliza kwa namna nyingine: "Nitajuaje kozi ambayo Mungu amenipangia?"

Leo nataka kulijibu hili la pili, kwa sababu ndilo linalowatesa watu. Nitamtumia Mtakatifu Tomaso wa Akwino na pia mwongozo wa udahili wa TCU, vyote pamoja, kwa hiyo usishangae ukiona nimetoka kwenye fadhila nikaingia kwenye cheti cha kuzaliwa. Wale mlio kidato cha pili na cha tatu msiondoke. Ninyi ndio mna nafasi kubwa kuliko wenzenu.

Mapenzi ya Mungu si nywila

Vijana wengi wana picha hii kichwani: Mungu ameandika jina la kozi moja mahali fulani, akalificha, na kazi yangu ni kulikisia. Nikikosea, maisha yangu yameharibika. Kwa picha hiyo mtu hubaki akisubiri ishara. Anafungua Biblia popote na kuweka kidole. Anasubiri ndoto. Anamfuata mtu wa unabii amtajie "hatima" yake.

Namfahamu kijana mmoja aliyeandika kozi tano kwenye vikaratasi, akavikunja, akavitia kwenye kikombe mbele ya sanamu ya Mama Maria, akasali rozari nzima, kisha akachomoa kimoja. Kilitoka cha uhandisi. Yeye alikuwa amesoma PCB. Kozi ile ilidai Hisabati ya Juu, na mtu wa PCB anasoma BAM. Mfumo wa chuo ukamkataa palepale, naye akaja kuniuliza kwa uchungu kabisa kwa nini Mungu amemdanganya.

Mungu hakumdanganya mtu. Mama Maria naye hakuhusika na kikombe kile. Dakika kumi za kusoma mwongozo zingemwonyesha kwamba kile kikaratasi hakikupaswa hata kuandikwa.

Ninyi mliopata Kipaimara mlikaririshwa mapaji saba ya Roho Mtakatifu: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Hilo la tatu tunalipita haraka sana. Tomaso anafundisha kwamba paji la shauri linakuja kuikamilisha fadhila ya busara. Yaani Roho Mtakatifu anamsaidia mtu anayetafuta kweli njia ya kufika anakokwenda. Hachukui nafasi ya kutafuta kwenyewe. Ukikaa bila kuuliza, bila kusoma, bila kupima, huyo Roho wa shauri atakamilisha nini?

Na busara, kwa Tomaso, si upole wala kuwa mtu wa kunyamaza kama tunavyoitumia mtaani ("yule kijana ana busara, haongei"). Ni uwezo wa kuamua vizuri mambo ya kutenda. Ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kuamua, halafu kujiamuru kutenda. Ukikosa moja, busara haijatimia.

Kutafuta shauri

Mnakumbuka mfano wa Bwana katika Luka sura ya 14, kuhusu mtu anayetaka kujenga mnara. Anakaa chini kwanza na kupiga hesabu kama anazo fedha za kumalizia, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Kristo anaufundisha ufuasi kwa kutumia mtu anayekaa chini na kalamu. Mimi naona kuna heshima kubwa sana hapo kwa wapiga hesabu.

Basi tukae chini.

Kwa anayemaliza kidato cha sita, kitu cha kwanza kukisoma ni mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Unapatikana bure kwenye tovuti yao. Kila kozi ya kila chuo imo: masomo yanayotakiwa, pointi za chini, idadi ya nafasi, na miaka ya kusoma. Upo wa wanaotoka kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, angalia usichukue usiokuhusu. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini kabisa cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya pointi 4. Hapo wengi wanajidanganya: kufikisha kiwango cha chini kunakupa haki ya kuomba, hakukupi nafasi. Kama kozi ina nafasi 50 na walioomba ni mamia, watachukuliwa wa juu. Ndiyo maana kila mwaka kuna mtu analia "nina pointi lakini nimekosa." Hiyo safu ya idadi ya nafasi isome kwa makini kama unavyosoma ya pointi.

Sasa ninyi wa kidato cha pili hadi cha nne. Milango mingi hufungwa au kufunguliwa siku unayochagua kombi, ukiwa na miaka 16 au 17, mara nyingi kwa kufuata rafiki. Udaktari unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Uhandisi mwingi unadai Hisabati ya Juu na Fizikia. Mtu wa HGL ana sheria, ualimu, utawala na mengine mengi mbele yake, lakini hata afunge siku arobaini hataingia udaktari kwa HGL. Kwa hiyo kabla ya kujaza selform, chukua huo mwongozo wa chuo kikuu usome kinyumenyume: anza na kazi, nenda kwenye kozi, nenda kwenye kombi, halafu uangalie matokeo yako ya kidato cha pili na mitihani ya shule yanasemaje. Nafasi ya kurekebisha chaguo baada ya matokeo ya kidato cha nne hutolewa, ila ukisubiri siku hiyo ndipo uanze kufikiri, utafikiri kwa presha.

Tena kidato cha tano si njia pekee. Kijana wa kidato cha nne anayekwenda chuo cha kati chini ya NACTVET, akamaliza stashahada kwa GPA ya 3.0 na kuendelea, anaweza kuomba shahada ile ile anayoomba wa kidato cha sita, na anaingia akiwa tayari na ujuzi mkononi. Na wa ufundi wa VETA je? Katika parokia zetu bado kuna dharau fulani kwa fundi. Tunawaombea "wasomi wetu" kwenye sala za waamini halafu fundi umeme aliyeweka taa za kanisa tunamlipa nusu. Mtakatifu Yohane Bosco, kule Turin miaka ya 1850, alikuwa anakaa na mabwana wa karakana na kuandikiana nao mikataba kwa ajili ya vijana wake: amfundishe kijana kazi kweli, ampe mapumziko ya sikukuu, amrekebishe kwa maneno na asimpige. Padre, tena mtakatifu, anajadili vifungu vya mkataba wa fundi seremala. Wasalesiani wake wako hapa kwetu pia, Dodoma na Iringa, wanafundisha ufundi hadi leo.

Halafu tafuta watu. Tomaso anasema katika mambo ya kutenda hali ni nyingi mno, mtu mmoja hawezi kuziona zote kwa muda mfupi, kwa hiyo anahitaji kufundishwa na wengine, hasa wazee. Jumuiya yako ndogo ndogo ina nesi, mwalimu, mhasibu wa halmashauri, dereva wa lori, mama mwenye duka la dawa. Siku moja baada ya jumuiya mwombe nusu saa. Usimuulize "kazi yako nzuri?" Muulize jana alifanya nini kuanzia asubuhi. Muulize nini kinamchosha. Muulize wale aliosoma nao wako wapi sasa. Binti mmoja wa TYCS alikuwa anataka famasia kwa sababu ya koti jeupe, akakaa Jumamosi mbili kwenye duka la dawa akiangalia, akagundua kumbe anachokipenda ni hesabu za stoo. Leo anasoma ugavi. Jumamosi mbili tu.

Kupima na kuamua

Hapa ndipo wazazi wanapoingia, na mjomba anayelipa ada.

Nianze na msimamo wa Kanisa, kwa sababu wengi mnadhani amri ya nne inamaliza mjadala. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2230, inafundisha kwamba watoto wakishakua wana haki na wajibu wa kuchagua taaluma yao na hali yao ya maisha. Wanatakiwa kuomba na kupokea kwa moyo mweupe ushauri wa wazazi. Na wazazi wawe waangalifu wasiwashinikize, katika kazi wala katika kuchagua mwenzi. Isome yote, usichukue kipande chako tu. Ina haki na ina wajibu wa kusikiliza.

Tomaso mwenyewe aliyapitia. Familia yake ilitaka awe mtu mkubwa katika abasia ya Monte Cassino, heshima kwa ukoo. Yeye akaenda kwa Wadominikani, shirika jipya la ndugu ombaomba. Mwaka 1244 kaka zake walimkamata njiani wakamfungia kwenye ngome ya familia kwa karibu mwaka mzima. Akakaa humo akisoma, wala hakubadili nia. Simwelezi hapa ili ugombane na baba. Tomaso alijua anachokitaka na kwa nini anakitaka, na hilo ndilo linalokosekana kwa vijana wengi wanaosema "wazazi hawanielewi." Wakuelewe nini, kama wewe mwenyewe huna maneno?

Kwa hiyo unapokwenda kuzungumza na mzazi, nenda na karatasi. "Baba, shikamoo. Naomba tuongee kuhusu chuo. Hii ndiyo kozi, inachukua miaka mitatu, ada ni hii, pointi zinazotakiwa ni hizi na mimi ninatarajia hizi, fulani wa jumuiya yetu anafanya kazi hii na ameniambia haya." Mzazi wa Kitanzania anayesema "soma sheria" mara nyingi anasema "naogopa utakosa kazi." Hofu hiyo ina msingi, jamani, tusijifanye. Tunawajua wenye digrii wanaoendesha bodaboda. Mjibu ile hofu, si lile neno "sheria". Ikishindikana, mwombe mtu anayeheshimika naye akusindikize: paroko, mlezi wa TYCS, baba wa ubatizo. Hiyo ndiyo kazi yao.

Na wewe mwenyewe upime nia yako. Wengi tunauliza ipi inalipa, na si dhambi kuuliza, maana kuna wadogo zako nyuma wanaotegemea. Lakini ongeza swali la pili: ni akina nani nitakaokuwa karibu nao nikifanya kazi hii? Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis, alikuwa mtoto wa mwenye gazeti kubwa la Turin. Alichagua kusoma uhandisi wa madini ili awe karibu na wachimbaji, kwa sababu aliona maisha yao ni magumu mno. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, kabla hajamaliza shahada. Kanisa limemtangaza mtakatifu mwanafunzi ambaye hakufikia mahafali. Kijana wa Geita au wa Mererani hahitaji kuelezwa mchimbaji ni nani.

Neno kidogo kwa wavulana: mara mbili nimeambiwa "Frateri, nikikosa chuo nitaingia seminari." Kaka, seminari siyo awamu ya tatu ya udahili. Kama una wito, njoo hata ukiwa na divisheni wani. Utawa nao vivyo hivyo, dada zangu.

Kujiamuru

Tomaso anasema hili la tatu ndilo tendo kuu la busara. Mtu anaweza kushauriwa vizuri, akaamua vizuri, akabaki amelala. Na hapa ndipo ninapoona vijana wengi wazuri wakipoteza mwaka, kwa mambo madogo kabisa.

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo husika, kila chuo na mfumo wake. Ukienda steshenari kujaziwa, usikubali yule kaka aweke barua pepe yake na namba yake ya simu "kwa urahisi". Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa msimbo unaotumwa, na ule msimbo utakwenda kwenye simu ya kaka wa steshenari. Kuna binti alimtafuta siku nne, amehamia mkoa mwingine. Fungua barua pepe yako wewe, andika nywila kwenye daftari, na tumia laini ambayo hutaipoteza.

Mkopo unaombwa kwa Bodi ya Mikopo peke yake, tofauti na chuo, na dirisha lake mara nyingine hufunguliwa hata kabla ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA (wa Zanzibar wana mamlaka yao), na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vilevile. Kuna saini ya serikali ya mtaa au kijiji, kuna mdhamini, kuna muhuri wa wakili au hakimu. Tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo. Mliorudia mtihani mna namba mbili, ndipo mnapochanganya. Na jina! Cheti cha kuzaliwa kinasema Elizabeth, cha shule kinasema Elizabeti, cha ubatizo kinasema Elisabeta. Paroko hatagombana nawe kwa hilo, mfumo wa kompyuta utagombana. Kurekebisha kunachukua muda, kwa hiyo vitoe vyeti vyako sandukuni leo uvilinganishe herufi kwa herufi, hata kama uko kidato cha tatu. Kwa yatima hili ni zito zaidi, maana mwenye kujua vyeti vilipo mara nyingi ndiye aliyekufa. Viongozi wa jumuiya, wasaidieni hawa kwanza.

Mkopo ni deni, usiuite zawadi. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Umlipe: kuna mdogo wako anayeusubiri.

Mkipangiwa JKT baada ya mtihani, kumbukeni kambini simu si kitu cha kutegemea. Acha nakala za vyeti, nywila na maelekezo yako kwa mtu mmoja mnayeaminiana nyumbani, umwelekeze kabla hujaondoka.

Usiku wa matokeo

Mtakatifu Ignasi wa Loyola ana kanuni moja inayofaa usiku huo: wakati wa giza la moyo usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na mwanga. Ukiona matokeo mabaya saa tano usiku, usiamue chochote usiku huo. Usitume ujumbe kwa mzazi kwamba umeshindwa maisha, usichome madaftari. Lala. Kama huwezi kulala, au unapata mawazo ya kujidhuru, mwamshe mtu, mpigie mtu, hata kama ni saa nane. Asubuhi ndipo mfungue mwongozo tena pamoja: stashahada ipo, kurudia mtihani kupo, kozi jirani zipo. Ignasi mwenyewe alianza sarufi ya Kilatini Barcelona mwaka 1524, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, amekaa darasani na watoto. Baadaye alipata shahada ya uzamili Paris.

Kazi ya wiki hii

Kwa vikundi vya TYCS na vijana wa parokia, mkutane na simu moja yenye bando inatosha. Kila mmoja achague kozi moja kwenye mwongozo na kuwasomea wenzake inadai nini. Kila mmoja ataje mtu mzima mmoja atakayemtembelea na siku atakayokwenda. Leteni vyeti, mlinganishe majina kwa jozi. Anzeni kwa kumwomba Roho Mtakatifu paji la shauri, kwa maneno yenu wenyewe, na mkimaliza mniandikie majina ya waliokuta tofauti kwenye vyeti vyao. Katibu wa parokia na mimi tumetenga Jumanne jioni kwa ajili hiyo, na mwanasheria mmoja wa jumuiya ya Mtakatifu Yosefu amekubali kugonga mihuri bila malipo.